Kitendawili kisichopokea mji: mwongozo wa kukaa Zen nyumbani

Kwetu ukishindwa kitendawili unatoa mji. "Kitendawili!" "Tega." Unajaribu, unakosa, unajaribu tena, mpaka unaambiwa: "Nipe mji." Unasema, "Nakupa Bagamoyo." Mwenzako anajigamba kidogo alivyofika Bagamoyo, alivyokula na kunywa na kupokewa vizuri, halafu anakupa jibu. Biashara imekwisha, mnaendelea na kingine.

Zen, njia ya kukaa kimya na kutafakari, nayo ina vitendawili, na ndivyo vinavyojulikana zaidi ya kitu chake kingine chochote. Lakini mji haupokelewi. Toa Bagamoyo, ongeza Pangani na Lamu, mwalimu atakutazama tu kisha atapiga kengele yake ndogo, maana yake toka, apite mwingine. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba huo si ubahili.

Ninachoandika hapa ni cha mtu anayetaka kujaribu mwenyewe chumbani kwake bila kununua kitu. Vitendawili nitavitaja pale vinapokukuta, katikati ya kazi. Vikikusanywa pamoja na kupangwa mezani vinageuka mbwembwe za watu wa mjini.

1. Ujue unaingia nyumba ya nani

Neno "Zen" ni matamshi ya Kijapani ya neno la Kichina "Chan", nalo Wachina walilitoa kwenye neno la Kisanskriti "dhyana", yaani tafakuri ya kina. Safari ya neno ndiyo safari ya jambo lenyewe: India, China, kisha Japani. Masimulizi yanamtaja Bodhidharma, mtawa aliyetoka magharibi akaingia China yapata miaka 1,500 iliyopita. Huko Japani mikondo miwili mikubwa ni Rinzai, ambao mtawa Eisai (1141–1215) alirudi nao kutoka China, na Soto wa mtawa Dogen (1200–1253), aliyekwenda China mwaka 1223, akarudi 1227, na mwaka 1244 akaanzisha hekalu ambalo leo linaitwa Eihei-ji, milimani katika mkoa wa Fukui. Rinzai wanakaza vitendawili. Soto wanakaza kukaa tu.

Je, ni dini? Ndiyo, ni Ubuddha, tusifichane. Kuna sanamu, kuna kusujudu, kuna kughani maandiko. Ila kule kukaa kwenyewe hakukudai utamke imani yoyote, na wapo waliokaa bila kuhama dini zao. Padri Hugo Enomiya-Lassalle, Mjesuti wa Kijerumani aliyekuwa Hiroshima bomu lilipoanguka mwaka 1945, alikaa Zen miongo mingi, akafundisha wengine, na akafa mwaka 1990 akiwa padri vilevile. Kama moyo wako hautulii kwa jambo hili, usiulazimishe. Hakuna anayekungoja mlangoni.

2. Mto, mkeka, ukuta

Mto wa kukalia Zen ni wa duara, mnene, na kwa desturi ya Wajapani hujazwa sufi. Sufi hii hii ya msufi, ambayo bibi zetu walijazia mito kabla godoro la sponji halijatuvamia. Kwa hiyo ukipata mto wa zamani wa sufi, uliokandamizwa na vichwa vya ukoo mzima ukawa mgumu, unacho kifaa halisi. Ukiukosa, kunja blanketi mara nne. Chini tandika mkeka na juu yake kitu laini cha kulinda magoti na vifundo vya miguu, maana sakafu ya saruji haina huruma.

Wa Soto huelekea ukuta, wa Rinzai huelekeana katikati ya ukumbi. Nyumbani chagua ukuta. Usio na kalenda.

Kelele usihangaike nazo. Nilipoanza nilitafuta saa ya ukimya, nikaamka saa kumi alfajiri, nikakuta jogoo, kisha adhana, kisha bodaboda la jirani linalokataa kuwaka. Nikabadilisha saa mara tatu kabla sijagundua kwamba mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele: "Huyu jirani, huyu jirani, kwa nini asipeleke kwa fundi?" Pikipiki iliwaka ikaondoka. Mimi niliendelea kuunguruma robo saa nzima.

3. Mwili kwanza

Hapa ningependa usisome haraka, kwa sababu wengi hudhani kukaa ni jambo la akili na mwili umesindikiza tu.

Kalia theluthi ya mbele ya mto, si mto wote. Kunja miguu, wayo mmoja mbele ya mwingine, yote miwili ikilala chini. Wanaoweza kupandisha wayo juu ya paja wapandishe; asiyeweza asijivunje. Kitu kinachotakiwa ni magoti mawili yaguse chini na makalio yawe juu kidogo kuliko magoti. Hapo umesimikwa kwenye pointi tatu, na yeyote aliyewahi kuinjika chungu juu ya mafiga anajua kwa nini tatu zinatosha na mbili hazitoshi. Goti likibaki hewani, lisukumie kitambaa kilichokunjwa.

Waliozoea kikao cha tahiyatu kwenye swala wana njia nyepesi: piga magoti hivyo hivyo, kisha weka mto katikati ya miguu uubebe uzito. Wajapani nao hukaa hivyo. Mwenye matatizo ya goti au mgongo atumie kiti, nyayo zikanyage chini zote mbili, asiegemee.

Mgongo je? Mfikirie mtu anayebeba ndoo ya maji kichwani bila kuishika. Shingo ndefu, kidevu kimeingia ndani kidogo, kiuno kimejikunja kwa asili yake, mabega yamelegea kwa sababu hayana kazi. Yumba kushoto na kulia mara chache, kila mara kidogo zaidi, mpaka utue katikati.

Mikono: wa kulia pajani, kiganja juu, wa kushoto juu yake, vidole gumba vigusane kwa uzito wa karatasi. Hivi vidole ndivyo vitakavyokusemea. Vikisukumana na kuinuka, umekaza. Vikianguka, umesinzia. Mdomo funga, ulimi uguse juu nyuma ya meno. Macho usifumbe, yaache nusu wazi, yatazame chini kiasi cha hatua moja mbele yako bila kuangalia kitu. Ukifumba, sinema inaanza.

Kwa mwanzo dakika kumi zinatosha. Monasterini kipindi kimoja hupimwa tangu zamani kwa kijiti cha udi, na kijiti kizima huweza kuchukua kama dakika 40. Nyumbani kata kijiti robo, au weka kengele ya simu lakini simu yenyewe ikae chumba kingine.

Na usisimame ghafla. Mara yangu ya kwanza kukaa na kikundi nilikuwa masomoni Ujerumani. Kengele ikalia, nikaona nisiwe wa mwisho, nikainuka. Mguu wa kushoto haukuwepo. Nilimwangukia mzee wa jirani, miwani yake ikaenda upande na mto wangu upande. Hakuna aliyecheka, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Yumba kwanza, sugua mapaja na vifundo, nyoosha mguu, ndipo usimame.

4. Hesabu ambayo haifiki kumi

Sasa pumzi. Ivute kwa pua, iache itoke yenyewe, na inapotoka hesabu kimoyomoyo: moja. Inayofuata: mbili. Ukifika kumi, rudi moja. Ukipotea njiani, rudi moja. Basi.

Inaonekana kazi ya chekechea. Jaribu. Moja, mbili, tatu, nne, yule fundi kasema Alhamisi lakini Alhamisi ipi, sita, na luku imebaki ngapi, nane... Ukizinduka unakuta unahesabu kumi na tisa.

Hiki ndicho kitendawili cha kwanza, nacho hakikuja na mtawa yeyote: kadiri unavyotaka kufika kumi ndivyo unavyokosa kufika. Ukiapa leo huwazi kitu, kiapo chenyewe ndicho wazo, tena zito. Nilipoanza nilidhani kupotea ni kufeli na kumi ni kufaulu. Aliyenifundisha aliniambia nihesabu vingine: nihesabu mara ngapi nimerudi kwenye moja. Mtu aliyepotea mara thelathini akarudi mara thelathini amefanya kazi asubuhi hiyo. Aliyefika kumi huku anajipongeza hajafanya.

Kwa hiyo mawazo usiyafukuze. Usiyakaribishe pia. Kuku wa jirani akiingia uani wakati unafua, humtengenezei kiota wala huachi nguo ukamkimbiza mtaa mzima. Unafua.

Baada ya miezi kadhaa wengine huacha hesabu na kufuata pumzi tu. Soto huenda mbali zaidi, huacha hata pumzi, wakakaa tu, macho wazi, bila kitu cha kushika. Usikimbilie huko. Mimi bado narudi kwenye hesabu siku nyingi.

5. "Nitapata nini?"

Swali hili litakuja kati ya wiki ya pili na ya nne, na hapo ndipo wengi huacha. Tena ni swali la haki. Unaamka mapema, miguu inauma, na mbele yako kuna ukuta.

Kuna kisa cha Mfalme Wu wa dola ya Liang huko China, aliyetawala kuanzia 502 hadi 549. Alijenga mahekalu, akalisha watawa, akanakilisha maandiko. Alipokutana na Bodhidharma akamuuliza: nimechuma thawabu kiasi gani? Akajibiwa: hakuna thawabu hata moja. Wanahistoria wanakitilia shaka kisa chenyewe, lakini kwa msomaji wa Kiswahili kinauma mahali pake hasa, maana sisi ni watu wa kuhesabu thawabu. Hatuokoti jiwe njiani bila kuliandika daftarini.

Kingine ni cha mtawa kijana Mazu, aliyekuwa akikaa kutwa. Mwalimu wake, Huairang, akaja akachukua kigae cha paa, akakaa karibu naye, akaanza kukisugua kwenye jiwe.

"Unafanya nini, mwalimu?"

"Natengeneza kioo."

"Kigae utakisuguaje mpaka kiwe kioo?"

"Na wewe utakaaje mpaka uwe Buddha?"

Wengine wameondoka na kisa hiki wakisema: umeona, kukaa hakuna faida, tukalale. Dogen alikisoma kinyume kabisa. Kwake kukaa si ngazi ya kupandia mahali. Kukaa ndiyo hapo mahali. Huwezi kukaa *ili*. Ukiweka "ili" umeshakuwa mfalme na daftari lake. Lakini, na hapa ndipo panapokera, bila kutaka kitu usingeamka saa kumi na moja alfajiri. Unaletwa na tamaa mpaka mlangoni, halafu unaambiwa uivue pamoja na viatu.

Sijui njia ya kukikata kitendawili hiki kwa maneno. Kwa vitendo ni rahisi: ukizinduka kwamba unauliza "nitapata nini", hiyo ni pumzi ya ngapi? Moja.

6. Kitendawili chenyewe

Koan, kwa Kichina gong'an, maana yake ya asili ni kesi ya hadharani, shauri lililokwisha amuliwa ambalo hakimu hulirejea. Jina lenyewe halina ushairi; lanukia karani na mhuri. Mkusanyo mmoja maarufu ulitungwa na mtawa Wumen mwaka 1228, una kesi 48, na ya kwanza ni hii: mtawa alimuuliza Zhaozhou, mwalimu wa zamani wa China, "Mbwa ana asili ya Buddha?" Zhaozhou akajibu, "Mu," yaani hana, hakuna. Wakati mafundisho yanasema kila kiumbe anayo asili hiyo ya kuamka.

Ile inayojulikana zaidi duniani ni ya mwalimu wa Kijapani Hakuin (1686–1769): sauti ya makofi ya mikono miwili unaijua, ya mkono mmoja ni ipi? Mswahili akiulizwa, methali inamtoka kabla hajafikiri: kidole kimoja hakivunji chawa. Jibu zuri sana barazani. Kwenye chumba cha Hakuin ungesikia kengele, kwa sababu hukuleta mkono wako, umeleta mdomo wa wahenga.

Mwaka 1916 mtu mmoja huko Japani alichapisha kitabu chenye majibu yanayokubaliwa ya koan, moja baada ya jingine. Aliuza miji yote kwa mkupuo. Watu walikasirika, ila kazi ya koan haikufa, kwani mwalimu haangalii jibu peke yake. Anaangalia ulivyoingia, ulivyokaa, kama swali limekulaza macho au umelisoma kwenye basi. Jibu la kukariri hutambulika kama kicheko cha mtu ambaye hakuuelewa utani.

Ndiyo maana nashauri koan rasmi usizifanye peke yako nyumbani. Bila mtu wa kukupigia kengele utajipigia makofi. Kama unataka kuonja, chukua swali dogo lisilo na cheo: nani huyu anayehesabu? Liulize mara moja unapoanza kukaa, kisha liache. Usilitafutie insha.

7. Mambo ya kuangalia

Usingizi: osha uso, fungua macho zaidi, au simama utembee polepole ukutani hadi ukutani, hatua kwa pumzi. Maumivu ya misuli hupita. Maumivu makali ndani ya goti si ushujaa, badilisha kikao. Ukianza kuona mianga au kuhisi mwili umekua kama nyumba, Wajapani wanaiita makyo, na ushauri wa karne zote ni mmoja: hongera, endelea kuhesabu.

Zen si dawa ya hospitali. Mwenye huzuni isiyoinuka, au ambaye akikaa kimya yanamrudia mambo ya kutisha, amwone daktari kwanza, na akae na watu kabla ya kukaa peke yake.

La mwisho huwa halisemwi kwenye mabango. Maneno kama "hakuna nafsi" na "hakuna mwema wala mwovu" yana makali pande mbili. Wakati wa vita vya karne iliyopita walimu na taasisi za Zen huko Japani waliunga mkono jeshi, na baadhi walitumia mafundisho haya haya kuhimiza watu kufa na kuua. Soto waliomba radhi kwa maandishi mwaka 1992. Myoshin-ji, tawi kubwa kuliko yote la Rinzai, mwaka 2001. Mwalimu akikuambia dhamiri yako ni kikwazo tu, vaa viatu.

8. Sufuria

Mtawa mgeni alimwendea Zhaozhou: "Ndiyo kwanza nimefika hapa, nifundishe." Zhaozhou akamuuliza, "Umeshakunywa uji?" "Nimekunywa." "Basi kaoshe bakuli."

Kwa hiyo baada ya dakika zako kumi, chagua kazi moja ya nyumbani, moja tu, na uifanye kwa wiki nzima bila redio na bila simu. Mimi nilichagua sufuria ya ubwabwa. Ukoko umeshika chini, nje kuna masizi ya mkaa. Unalowesha, unasubiri, unasugua kwa dodoki. Maji ya kwanza meusi, ya pili ya kijivu. Utaona mkono unakwenda haraka kwa sababu kichwa kimeshamaliza kuosha kitambo na sasa kiko kitandani. Polepole haimaanishi kukokota; ina maana mkono na kichwa viwe kwenye sufuria moja.

Dogen alijifunza hili kwa mpishi. Alipokuwa China, katika monasteri ya Tiantong, alimkuta mzee wa jikoni adhuhuri akianika mboga juani, fimbo mkononi, bila kofia, mgongo umepinda kama upinde. Akamuuliza umri: 68. Kwa nini usimwachie kazi hii msaidizi? "Mwingine si mimi." Lakini jua ni kali, kwa nini sasa? "Nisubiri saa ngapi?" Dogen akanyamaza. Miaka mingi baadaye, mwaka 1237, aliandika maagizo marefu kwa mpishi wa monasteri: jinsi ya kuosha mchele, mahali pa kutundika pawa, jinsi ya kutodharau mboga duni.

Baizhang naye, mwalimu wa China aliyefariki mwaka 814, alilima na watawa wake mpaka uzeeni. Wakamwonea huruma wakaficha zana zake. Akagoma kula: siku bila kazi ni siku bila chakula. Inafanana na ile ya Mtume Paulo ya asiyefanya kazi na asile, ila Paulo aliwaambia wengine na Baizhang alijiambia mwenyewe. Kwetu mgeni hupewa jembe siku ya tatu; huyu aliporwa la kwake.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote kiko humo humo kwenye maagizo ya Dogen. Xuefeng alikuwa mpishi chini ya mwalimu Dongshan. Siku moja alikuwa anachambua mchele, mwalimu akamuuliza: "Unatoa mchanga kwenye mchele, au mchele kwenye mchanga?" "Natoa vyote kwa pamoja." "Watu watakula nini basi?" Xuefeng akapindua bakuli.

Kwa Dogen mpishi mzuri anaangalia mchanga na anaangalia mchele, hata punje moja isipotee. Nami nikaamua hiyo ndiyo iwe kazi yangu ya wiki iliyopita. Jumapili nilikuwa kwa shangazi, Tanga, kilo mbili za mchele wa sokoni, ungo mapajani. Nikapeta pumba zikatoka, nikaokota chuya, nikatafuta mawe, punje hii, punje ile, mgongo umenyooka kama wa mbeba ndoo. Nikajiona kabisa nimekuwa mpishi wa Tiantong.

Mezani, kijiko cha pili, shangazi aliuma jiwe. Akalitoa mdomoni, akaliweka ukingoni mwa sahani, akanitazama.

"Mwanangu, ulikuwa unawaza nini?"

Nikamwambia ukweli. "Nilikuwa nawaza kuchambua mchele, shangazi."